Mkwe Ametoka

Jipu halina adabu. Lingeweza kumtoka Bi Mwanapili mkononi au mgongoni, likachagua paja, tena juu kabisa. Na daktari wa pekee katika zahanati ile ndogo ya karibu na Bodo alikuwa Swabir, mume wa bintiye.

Tangu amwoe Twaiba, Swabir hakuwahi kula mbele ya mama huyu wala kumkazia macho. Wakikutana njiani, yeye hujitenga kando na mama hujifunika leso. Leo amwambie avue?

"Nirudishe nyumbani, mwanangu," Bi Mwanapili alimwambia Sidi, msichana wa kugawa dawa. "Kufa si aibu."

Naye angekufa kweli. Alikuwa na sukari, homa imempanda, na usaha ukishaingia damuni hakuna wa kuuita urudi. Hospitali ya Msambweni ni mwendo wa pikipiki, na hiyo pikipiki angeikalia vipi?

Swabir alisimama nje ya mlango, jasho linamtoka. Kumfokea angeweza, madaktari wa kufoka tunawajua. Lakini mama huyu angejikokota mpaka kwake akafie huko. Akavaa koti jeupe, ambalo kwa joto la huku hulivaa siku za wakaguzi tu, akaziba uso kwa barakoa, kisha akabisha mlango wa chumba chake mwenyewe.

"Hodi."

Akabisha tena.

"Hodi humu ndani."

"Nani?"

"Daktari. Nimeambiwa kuna mgonjwa."

Bi Mwanapili aligeukia mlango. "Na mkwe wangu yuko wapi?"

"Ametoka, mama. Amesema si adabu yeye kuwapo ukitibiwa."

Sidi akauma midomo asicheke. Bi Mwanapili akavuta leso, akajifunika uso wote, akageukia ukutani.

"Amefanya vyema. Karibu, daktari."

Jipu likapasuliwa, likakamuliwa, likafungwa. Wako watakaocheka kusikia haya. Wacheke, mama yu hai, na heshima yake haikuguswa hata kwa ncha ya kidole.

Sidi alipomaliza kumvika na kumtoa nje akichechemea, walimkuta Swabir uani, hana koti wala barakoa, macho chini.

"Shikamoo, mama. Nimesikia huwezi."

"Marahaba, mkwe wangu. Sasa sijambo. Humo ndani mna daktari. Ukimwona, mwambie lau ningekuwa na binti mwingine, ningemwoza yeye."

"Nitamfikishia, mama," Swabir alisema.