Ubandiko wa Muhogo

Mashine mpya ya maabara pale Kindu, mji wa mashariki mwa Kongo, ilikuwa ndogo kuliko redio ya Onema, mpimaji wa damu, lakini siku hiyo ilimtoa jasho. Kazi yake ni kusukuma chembe nyekundu za damu kwenye mfereji mwembamba kupita unywele. Chembe yenye afya hujipinda ikapita. Za Déborah, msichana wa miaka minane, zilikuwa ngumu, zikakwama. Onema alisoma majibu mara tatu, akitamani yabadilike.

Nje alikuwa akingoja bibi wa mtoto, Philomène. Huyo hakuwa mgeni kwake hata kidogo.

Mwaka 2001, vita vikiwa vimeufunga mji, Philomène alimletea bintiye Neema, aliyekuwa akilia kwa maumivu ya mifupa. Kipimo cha siku zile kilikuwa cha kimaskini: tone la damu chini ya kioo, kingo zimezibwa kwa rangi ya kucha, unangoja hadi kesho. Chembe zenye ugonjwa zikikosa hewa huwa na umbo la mundu. Rangi ya kucha ilikwisha Kindu nzima. Onema, bingwa wa kujipa moyo, akaziba kwa uji mzito wa muhogo. Asubuhi aliukuta umepasuka. Aliuona vizuri kabisa! Hewa ilikuwa imeingia, chembe zimebaki duara, kipimo hakina maana. Angesema tu hajui. Lakini foleni ilikuwa ndefu, naye, mpimaji tu, alipenda mno kuitwa docteur, yaani daktari. Akaandika: damu nzuri.

Mwezi uliofuata watu walikimbia mapigano kwa miguu, kwa njia ndefu ya kwenda Pangi. Neema akafia huko.

Sasa alimwita Philomène ndani, akamweleza kwamba mjukuu wake, mtoto wa mwanawe mwingine, ana SS, yaani selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na kwamba mifupa ikimuuma apumzishwe, asilazimishwe kutembea.

Philomène akamtazama. "Na Neema, Papa Onema? Ile wakati uliandika damu yake iko muzuri."

Angeweza kusingizia vita, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Akayameza.

"Kipimo kiliharibika, mama. Niliona, na niliandika tu. Unisamehe."

Philomène hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Kwa njia ya Pangi alikaa chini," akasema. "Alisema mifupa inamuuma. Mimi nilimuchapa. Nilimuambia: simama, docteur alisema uko muzima." Akaikunja karatasi ya majibu ya Déborah polepole. "Na alisimama, papa. Alinitii."