Lori Lisilo na Ndoano

"Sasa Chemutai, unatafuta lori au unatafuta bwana?"

Jirani yake Sellah alimuuliza hivyo mtoni, na akina mama wote wakacheka. Chemutai naye alicheka, akajitwika maji yake, akaenda zake. Wiki hiyo aliuza ng'ombe wanne, akaongezea pensheni ya marehemu mumewe.

Jumatatu asubuhi alikuwa Kapsoit, kwenye yadi ya malori makuukuu. Leseni alikuwa nayo. Marehemu ndiye aliyemfundisha, kwa trekta ya kanisa. Yalikuwa yamebaki malori mawili ya bei moja. La kwanza lilikuwa la kubeba majani chai, lenye vyuma juu na ndoano za kutundikia magunia ili majani yapate hewa. La pili lilikuwa na bodi wazi, la kubeba chochote: kupanda na mbolea, kushuka na kabichi au mbao. Alikuwa ameliombea jambo hili siku saba. Akikosea, hakuna ng'ombe mwingine wa kuuza.

Dalali alimwambia, mathe, chukua la ndoano, hilo halina maneno. Chemutai akainama, akapitisha kidole chini ya injini ya lori hilo, kikatoka kimelowa oili. Akakifuta kwenye nyasi.

Wakaingia ofisini. Humo walimkuta Makori, karani wa usafiri wa kiwanda cha chai, amekalia kiti cha dalali. Akamweleza kwamba kazi ya kubeba majani ya Kimulot iko wazi na atamwandika leo hii, mradi anunue lile la ndoano. Yadi nzima ilijua lori hilo ni la shemeji yake.

Mshahara wa kila mwezi ni kitu kitamu. Lakini Alhamisi iliyotangulia Chemutai alikuwa ameomba kupanda lori la Kiptum, mmoja wa wanaobebea kiwanda majani, aione kazi yenyewe. Mvua ikanyesha, wakakwama matopeni kwenye mteremko wa Kimulot tangu saa sita hadi jioni. Kila mara alitumbukiza mkono kwenye gunia mpaka kiwiko, kama wachuma chai wanavyopima. Kwanza baridi, kisha vuguvugu, mwishowe moto kama uji. Kiwandani majani yalikataliwa, yameungua. Kiptum akalipishwa, na akina mama waliochuma wakarudi nyumbani bure.

"Bwana Makori," alisema, "majani yakiungua njiani, nani analipa?"

"Mwenye lori. Iko kwa mkataba."

"Hata kama ni barabara imeshika lori?"

"Mama, mimi si mtu wa barabara."

"Lakini kila mwezi mnatukata sisi wakulima pesa ya hiyo barabara. Mwaka wa sita sasa. Greda imepita siku gani?"

Dalali akainamisha kichwa. Makori akacheka kidogo, akasema kumbe mjane akipata leseni anapata na mdomo. Kisha akaacha kucheka.

"Ukichukua hilo lingine, majani ya kiwanda hutabeba mpaka nistaafu. Utazunguka na kabichi, ukitafuta mizigo kama ombaomba."

Karatasi mbili za mauzo zilikuwa mezani. Makori akasukuma ile ya lori la shemeji yake mbele, akamnyooshea kalamu.

Chemutai akaipokea. Akavuta ile karatasi nyingine, akaandika jina lake pole pole, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa shule ya msingi. Akamrudishia kalamu yake, akachukua ufunguo wa lori la bodi wazi, akatoka.