Mdau wa Mke Wangu

Kwa miaka mingi, kata ya Buswahili ikiitisha mkutano, msemaji alikuwa Thadeo. Watu walimzoea, naye alijizoea zaidi. Basi wataalamu wakaja kuwauliza wanakijiji juu ya bonde la mto, kabla halmashauri haijatunga sheria ndogo ya kulilinda. Wanawake walihojiwa peke yao. Jioni wataalamu wakatangaza kwamba atakayeiwakilisha kata kwenye kikao cha wadau kule Musoma ni Jenoveva, mkewe Thadeo.

Thadeo alipiga makofi kama wengine. Nyumbani akasukuma ugali kando.

"Huyo mtaalamu wao, Onesmo, mbona anakuchekea sana?"

"Ananiuliza maji yanapofika, Baba Matiko. Namjibu."

"Kwani mimi sijuagi?"

"Unajua. Hakukuuliza."

Neno hilo lilimchoma kuliko Onesmo mwenyewe.

Siku ya kikao alimwacha mkewe apande gari la mradi, kisha akakodi bodaboda hadi Kiabakari na kudaka basi la Musoma. Mlangoni binti aliyekuwa akiandikisha watu akamuuliza, "Mzee, wewe ni mdau wa nini?"

"Mdau wa mke wangu."

Waliosikia wakaangua kicheko. Akaandikwa mfugaji.

Ndani, Jenoveva alikuwa amesimama mbele ya ramani. "Kiangazi visima vinakauka," alisema, "ng'ombe hawana pa kunywa ila mtoni. Mkifunga bonde, tuachieni njia ya kwenye kivuko cha zamani. Pale ardhi ni ngumu, kwato haziharibu ukingo."

Wataalamu waliandika. Thadeo alitazama kalamu zile zikikimbia. Maneno yake mwenyewe, miaka yote hiyo, nani aliwahi kuyaandika? Akajikuta amesimama.

"Pale hapapitagi ng'ombe! Ni tope tupu. Huyu mama hachungagi, atajuaje?"

Ulikuwa uongo. Ng'ombe wake walikunywa hapo jana yake. Onesmo akawatazama wote wawili, akasema hoja yenye mvutano iwekwe kando. Jenoveva akakaa, macho kwenye ramani.

Rasimu ya sheria ilipobandikwa ofisi ya kata, njia haikuwemo. Burito, jirani yao mfugaji, alikuja mpaka uani akifoka: "Umetufungia mto kwa wivu wako!" Thadeo alimgeukia mkewe amtetee.

"Nilikuwa nawaombea ng'ombe wako," Jenoveva alisema, akaendelea kupepeta mtama.

Kikao cha mwisho cha maoni kilikuwa Bunda. Thadeo alikwenda bila mwaliko, akavua kofia. "Musoma nilidanganya. Mama Matiko alisema kweli. Nilimwonea wivu, basi."

Safari hii hakuna aliyecheka. Wapimaji walitumwa kivukoni, na sheria ilipopitishwa njia ilikuwemo, nyembamba kuliko alivyoomba Jenoveva.

Jumapili baada ya misa watu walimzunguka Jenoveva kumpongeza, Burito akiwa mbele yao. Thadeo alisimama pembeni na mkoba wa mkewe mkononi. Sifa zile ziliendelea kumuuma, na aliona aibu kwamba zinamuuma.

"Mama Matiko," aliita mwishowe, "twende. Ng'ombe hawajanywa."