Kuku wa Herminio

"Hela yangu, hata sole moja, haijawahi kulewa!" alitamba Don Fortunato, cheche zikiruka kwenye gurudumu lake la kunolea visu. "Mchango wangu hufika kwa mgonjwa ukiwa na akili timamu."

Kisu kilikuwa cha Gladis, muuza tiketi za karamu ya kuku ya kumchangia Herminio, jirani yao mgonjwa wa figo.

"Acha ubahili, mzee. Ni kwa ajili ya Herminio!"

"Na bendi je? Na yale maspika marefu kama mnara wa kanisa? Nayo yanaumwa figo?"

Gladis alicheka, akachukua kisu chake, akaenda zake.

Enzi za marehemu Zenobia, mke wa Fortunato, hakuna aliyekodi kitu kwa karamu kama hizi. Huyu alileta kuni, yule viazi. Zenobia akalaza kuku kwenye pilipili nyekundu na bizari tangu jana yake. Mpiga kinubi alikuwa shemeji, ujira wake paja la kuku. Hela zote zilipanda kilimani kwa mgonjwa, zikinuka moshi.

Basi Fortunato akapatana na Rosaura, mke wa Herminio: Jumamosi jioni wakutane famasi, anunue dawa mwenyewe. Dawa za Herminio zilikuwa zimeisha. Rosaura alimshika mikono yote miwili.

Jumamosi akapitia njia ya uwanjani, palipofanyika karamu. Ipo nyingine, ya ngazi, lakini magoti, jamani, magoti! Bizari ikamdaka pua. Kisha kinubi kikalia wimbo uleule aliokuwa akiucheza na Zenobia.

"Nanusa tu," alimwambia mlinda mlango.

Akanusa sahani nzima.

Wanaume wakampisha kwenye duara lao. Glasi ya bia ni moja, inazunguka. Na aliyekunywa chupa ya mwenzake haondoki kabla hajanunua yake. Alikunywa ya fundi bomba, akanunua. Akanywa ya kinyozi, akanunua. Halafu akatoa leso, akafumba macho, akacheza polepole na mtu ambaye hakuna mwingine aliyemwona.

Alipofumbua, Rosaura alikuwa amesimama langoni, shali begani.

"Famasi wamefunga, Don Fortunato."

"Nilikuwa... nilikuwa nakuja, mama."

"Naona. Ulikuwa unakuja kwa kuzunguka."

Wanaume wakaangua kicheko, kisha wakamtazama usoni yule mama, wakavua kofia mmoja mmoja. Zamu ikamfikia Fortunato. Akaipokea glasi imejaa, akabaki nayo mkononi, povu likishuka taratibu.