Chukudu Mia Juu ya Ukucha

Papa Nsanzimana, msukuma chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, alifika shuleni kwetu Katoyi amefura kwa hasira, mkononi karatasi yenye vumbi jeusi la penseli. Nyuma yake alikuja préfet wetu, mkuu wa shule Fortunat, ambaye mwaka mzima alitafuta sababu ya kuninyang'anya somo la kemia.

"Madame Uwamariya, uliambia batoto kreyo inageuka diamant ukiikandamiza," alisema Papa. "Miye nilitia ya mutoto wangu chini ya chukudu, magunia munane ya viazi. Ona, vumbi tu!"

"Utupatie preuve, uthibitisho kamili, leo," préfet akaniambia mbele ya darasa. "Kama hapana, kesho kuna mwalimu mwingine."

Nilichemka. Huyo huyo ndiye aliyenijazia wanafunzi sitini na wanne kwenye darasa la watu thelathini! Nikawatoa wote uani, safu nane za wanane.

"Shikaneni mikono, kila mtu na wa safu yake tu. Hii ni grafiti, kile cheusi cha penseli, na kila mmoja wenu ni chembe ya kaboni. Papa, vuta."

Alivuta kidogo tu, safu ya mbele ikateleza nzima, binti yake Joyeuse akicheka mwishoni.

"Ndivyo penseli inavyoandika. Safu zinaachana, zinabaki kwenye karatasi."

Kisha nikawaamuru wasongamane. Hilo walilijua, ndivyo wanavyokaa kila siku, sita benchi moja.

"Mkono mmoja ushike jirani, mwingine ushike wa mbele yako. Mnashika wawili, mnashikwa na wawili. Hii ni almasi, ile diamant yenyewe. Watoto ni wale wale."

Papa Nsanzimana alivua koti. Huyu husukuma viazi kutoka Kibumba kila wiki. Akavuta, akasukuma kwa bega, akasukuma tena. Préfet akamsaidia mpaka tai ikamrukia mgongoni. Wapi! Watoto hawakusogea hata kidogo.

"Sasa miye nilikosa nini?" Papa akauliza, jasho likimtiririka.

"Uzito na moto, Papa. Chukudu mia zilizojaa, zote juu ya ukucha mmoja, na moto unaozidi ule wa lava."

Alitazama ukucha wake kwa muda. Kisha akaangua kicheko. "Basi Madame alisema kweli. Chukudu yangu njo ilikuwa kidogo!"

Uani pakalipuka vigelegele. Nilifurahi, sitaficha.

Préfet alirudisha tai yake, akauliza kwa sauti ndogo kemia ya kesho ni saa ngapi.

"Saa mbili," nikamjibu. "Ukija, uje mapema. Utakuwa wa saba kwenye benchi."