Ushindi wa Mzee Eladio

Mvinyo wa mzee Eladio ulikuwa na sifa moja kubwa: aliyeunywa hausahau. Miaka arobaini aliutengeneza kwa zabibu zake nyeupe za aina ya albarinyo, ndani ya pipa lile lile la marehemu baba yake, asilolisugua kwa sababu, alidai, maji huharibu mbao. Kila Machi alipotundika tawi bichi mlangoni kutangaza kwamba mvinyo wa nyumbani umefunguliwa, watu wa kijiji chake cha Meaño walikuja, wakala mkate uliojazwa kome, wakamsifu, wakaondoka wameacha vibakuli vyao vya mvinyo vimejaa nusu. Adabu wanayo, hilo huwezi kuwanyima.

Kisha binti yake Obdulia akarudi nyumbani baada ya kufanya kazi miaka sita katika kiwanda cha mvinyo, akaja na tangi la chuma na maneno mengi. Wakagawana mavuno nusu kwa nusu, na ugomvi wote kwa pamoja. Mwisho wakakubaliana hivi: wateja wachague wenyewe, na ambaye mvinyo wake utakwisha kwanza ndiye atakayetengeneza wote mwakani. Mwingine atabaki kupogoa mizabibu. Kwa Eladio, hiyo ilikuwa sawa na kuzikwa akiwa hai.

Siku ya kwanza wateja wakakimbilia tangi. Ya pili vilevile. Eladio akawaita Senén na Camilo, rafiki zake tangu shuleni, akawakumbusha kwamba urafiki si maneno matupu. Maskini wakanywa, watu wazima wenye wajukuu, wamekunja nyuso kama wanaomeza dawa ya minyoo. Siku ya nne Senén akakumbuka kwamba ana miadi na daktari. Ya tano Camilo akakumbuka kwamba ana mke. Shujaa wetu akabaki peke yake na pipa, asubuhi kibakuli, mchana kibakuli, huku akijipongeza.

Jumapili mchana pipa likakauka. Tangi lilikuwa bado na robo. Eladio akatangaza ushindi mbele ya wateja wote, nao wakampigia makofi, huku kila mmoja akishika vizuri kibakuli chake cha mvinyo wa Obdulia.

Akaketi kula pweza wake. Obdulia akamuuliza atakunywa nini, swali la uchokozi mtupu, maana cha kunywa kilibaki kimoja. Akammiminia. Mzee akanywa funda moja. Akanywa tena. Ulikuwa na ladha ya tufaha bichi na chumvi kidogo ya bahari, na roho ikamuuma, kwa kuwa huo ndio mvinyo aliokuwa akijaribu kuutengeneza miaka yote arobaini.

"Mwakani utatengeneza wewe," akasema, macho kwenye sahani.

"Si umeshinda, baba?"

"Nimeshinda, ndiyo." Akasogeza kibakuli aongezewe. "Nikishinda tena, mwanangu, mtanizika."