Siku Musoki Alipofunga Kinywa

Musoki alikuwa na hakika kwamba kipaza sauti chake kimekufa, tena kimeuawa makusudi. Hakuwa na ushahidi wa kupeleka popote. Lakini mtu aliyeimba miaka sita nyuma ya mgongo wa mwingine hujifunza kusoma kisogo, na kisogo cha Mama Solange siku hizi kilikuwa kimejaa siri.

Mama Solange ni nani? Muulize mtu yeyote wa Bunia. Au nenda Mongbwalu uwaulize wachimba dhahabu, ambao nyimbo zake za dini wanazo kwenye simu hata wakiwa shimoni. Ndiye aliyempokea Musoki alipokimbia vita kutoka Marabo, akamlaza nyumbani kwake, akamfundisha pa kuvuta pumzi na pa kuibana. Musoki hakulisahau hilo. Mama Solange naye hakulisahau, wala hakukubali wageni wake wasahau.

Shaka ilianza na video. Estelle, mwimbaji mwenzake wa nyuma, mwenye ulimi usiojua sikukuu, aliyezoea kumwita yaya, yaani dada mkubwa, alimwekea simu sikioni baada ya mazoezi.

"Yaya, sikiliza muzuri. Hii ni Mongbwalu, mwezi ule. Mimi najisikia. Rébecca naye namusikia. Weye uko wapi?"

Musoki alisikiliza mara tatu. Kiitikio cha Estelle na Rébecca kilikuwepo, wazi kabisa. Yeye hakuimba kiitikio tena. Tangu Pasaka, kwa amri ya Mama Solange, aliimba maneno yaleyale ya Mama, neno kwa neno, eti kumshikilia sauti. Basi kwenye beti zilipaswa kusikika sauti mbili. Ilisikika moja.

"Ni Mama peke," alisema. "Na sauti yake imekuwa nyembamba siku hizi."

"Banakuzima mikro, yaya. Anaogopa batu basikusikie."

Neno hilo lilimwingia Musoki likakaa, na tangu siku hiyo kila kitu kikawa na sura mbaya. Kwa nini Mama alimkataza yeye peke yake kunywa Fanta baridi? Uchoyo. Kwa nini alimkataza kuimba na kwaya ya parokia? Wivu mtupu. Mwenyewe Mama mazoezini hakuimba tena, alikaa kitini na kikombe cha tangawizi ya moto, shali shingoni, akipiga makofi kuongoza wengine. Majivuno hayo, Musoki alijiambia, mtu amekuwa mkubwa hadi mazoezi ni ya watoto. Na ile minong'ono yake na Floribert, fundi wa mitambo ya sauti, ilikuwa ya nini? Musoki akikaribia tu, wote wawili wanaanza kuzungumzia mvua.

Kipaza sauti chake kilizungushiwa utepe wa buluu, na ole wake mwingine atakayekigusa. Jukwaani spika zote ziliwaelekea watu. Aliyesimama nyuma ya spika husikia ngoma tu, hajui kilichomtoka kinywani kimefika wapi.

"Floribert," alimwuliza siku moja, "mikro yangu iko inasikilika?"

Floribert alijifanya anakunja waya. "Iko inasikilika, dada. Sana hata." Kisha akacheka kidogo, puani.

Kicheko kile kilimkaa Musoki rohoni wiki nzima. Kilimuuma. Hakuwa akitaka picha yake ibandikwe ukutani. Alitaka asikike, hata mara moja, na watu wajue kwamba ni yeye.

Ndipo akapanga lake. Jumapili kulikuwa na tamasha la kuombea amani kwenye uwanja wa mpira kule Mudzipela, saa tisa alasiri.

"Tukifika wimbo ya tatu, uniangalie," alimwambia Estelle. "Nitafunga kinywa. Kama mikro imekufa, hakuna mutu atajua. Hapo njo nitakusanya bintu byangu niende."

Jumapili uwanja ulifurika. Watu wa kambi za wakimbizi walisimama mbele kabisa, watoto mgongoni. Mama Solange alitoka na gauni jeupe, akashangiliwa kabla hajafanya lolote. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Katika wa tatu, katikati ya ubeti wa pili, Musoki alifunga kinywa.

Sauti ikakatika. Gitaa na ngoma viliendelea, lakini ile sauti iliyokuwa imejaza uwanja hadi kwenye mabati ya nyumba za ng'ambo haikuwepo tena. Mbele yake Mama Solange aliendelea kufungua na kufunga kinywa, mikono juu, na hakuna kilichotoka.

Musoki hakuelewa mara moja. Alimtazama Floribert, akamwona ameshika kichwa kwa mikono miwili. Hapo akaelewa. Mama hakuwa na sauti. Kilichokufa ni kipaza sauti cha Mama. Ile sauti nyembamba ya Mongbwalu, aliyoisikiliza mara tatu, ilikuwa ya Musoki mwenyewe, na nani anaijua sauti yake ikimjia kutoka nje ya kichwa chake?

Lakini Mama Solange si mtu wa kushindwa jukwaani. Alipiga magoti, akafunika uso. Uwanja ukaguna, kisha ukalia: Roho amemshukia. Wanawake wakapiga magoti pamoja naye. Mkono wake mmoja ukapita nyuma ya mgongo, vidole vikimwita Musoki: imba, imba. Kisha akageuka nusu.

"Mutoto yangu," alisema, na koo lake lilikwaruza kama kopo tupu linaloburutwa. "Nakuomba."

Musoki alimhurumia kweli. Alimkasirikia pia, kwa ile Fanta, kwa kwaya, kwa kila mara aliposhuka jukwaani akajiona si kitu. Angeweza kuudaka wimbo palepale, na hakuna ambaye angejua lolote. Alisogea kwenye kipaza sauti.

"Jina yangu ni Musoki," alisema.

Jina likatoka kwenye spika zote, likavuka uwanja mzima. Floribert alikuwa ameweka kidole kwenye swichi, lakini hakuibonyeza. Watu wakainua vichwa, wakimtafuta huyo aliyesema kwa sauti ya Mama Solange, na wakamwona. Musoki akaanza tena ubeti wa pili, na safari hii kinywa cha Mama Solange kilikuwa kimefungwa.